Ukumbi Mmoja, Mipangilio Mingi

Mchana ule duka la vifaa vya sauti halikuwa na pa kutia mguu. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja akimwita muuzaji kama anayeita zimamoto. Katikati ya msukumano huo mikono miwili ilitua juu ya boksi moja la kuunganishia maikrofoni na kompyuta, na hakuna uliotaka kuondoka.

Mkono mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyevaa jinzi iliyochakaa magotini, fulana nyeusi, na hedifoni shingoni mithili ya mkufu. Kazi yake ilikuwa kusimamia sauti katika ukumbi mkubwa wa sherehe na mikutano, na kazini walimwita Masikio. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Huyo alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja, na wenzake walimpachika jina la Nadhifu.

"Dada, mimi nimelitangulia," alisema Nadhifu.

"Umelitangulia kwa macho. Mimi nimelishika."

"Lakini unajua matumizi yake?"

Masikio alimtazama kuanzia viatu hadi kola. "Lina matundu manane ya kuchomekea maikrofoni. Wewe una midomo mingapi?"

Watu wakaangua kicheko. Muuzaji naye akasema kama wameamua kuoana atawafungia utepe, ila boksi ni hilo hilo moja. Nadhifu aliachia, uso umemwiva kwa haya.

"Basi chukua na namba yangu," alisema. "Likikusumbua kwenye kompyuta, nipigie."

"Na lisiponisumbua?"

"Nipigie uniambie halijakusumbua."

Masikio alipiga kabla wiki haijaisha, na boksi halikuwa na kasoro yoyote.

Tangu hapo Nadhifu akawa mtu wa kuonekana ukumbini kila apatapo nafasi. Angeketi safu ya nyuma na shati lake jeupe, akimwangalia Masikio akipanda ngazi na kuburuta nyaya, na moyo wake ukiyeyuka kama siagi juani. Siku moja Masikio alimkalisha mbele ya kompyuta yake ndogo na kumweleza ile programu aliyoipenda kuliko vyombo vyake vyote. Programu hiyo husikiliza mambo mawili kwa wakati mmoja: sauti inayotoka mtamboni, na sauti hiyo hiyo inavyopokewa na maikrofoni za kupimia zilizotawanywa ukumbini. Papo hapo huchora mistari. Mistari ikiachana, fundi anajua ukumbi umeiongezea sauti kitu au umeiibia.

"Lakini haijui yenyewe ipi ni maikrofoni gani," alimwambia. "Kila maikrofoni ina tabia yake na namba zake za kuisahihisha. Mimi ndiye ninayeiambia: hii iko tundu hili, hii ilinganishe na ile. Nikimaliza nahifadhi mpangilio wote."

Nadhifu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kwa kweli alikuwa akiutazama mkono wa Masikio.

Mapenzi yakakua. Jioni moja, mezani kwenye mgahawa wenye vitambaa vya maua, Nadhifu alikohoa, akarekebisha kola isiyohitaji kurekebishwa, kisha akamwomba Masikio akubali amuoe. Masikio aliinamisha kichwa. Akamwambia ampe muda. Mahafali ya chuo yalikuwa Jumamosi na akili yake ilikuwa huko. Yakiisha, atamjibu. Akaongeza kwamba hata kompyuta yake inamtia wasiwasi, imekuwa nzito kama imebeba mawe.

"Niachie mimi, mpenzi," alisema Nadhifu. "Nitaisafisha."

Akairudisha siku iliyofuata ikiwa nyepesi kama karatasi.

Asubuhi ya mahafali Masikio alitandaza maikrofoni zake, akafungua programu, akapima. Mistari ilionyesha kwamba ukumbi unavuma, besi imezidi. Jambo hilo lilimshangaza. Lakini wapambaji walikuwa wakigonga nyundo, viti vikiburutwa, na katika makelele hayo aliona heri kuiamini programu ambayo haikuwahi kumdanganya. Akapunguza besi. Akapunguza tena.

Mkuu wa chuo alipopanda jukwaani kujaribu kipaza sauti, sauti yake ilitoka nyembamba, kavu, imekauka hadi ya kuchekesha. Meneja wa ukumbi akaja mbio.

"Fundi, mzee wa watu mbona anaongea kama yumo ndani ya debe?"

Hapo ndipo Masikio alipochungulia orodha ya mipangilio yake. Alikuwa na mingi ya ukumbi ule peke yake, aliyoikusanya kwa miaka. Sasa ulikuwepo mmoja tu, umepewa jina safi lenye herufi kubwa mwanzoni. Ulikuwa ule wa siku za mvua, ambao ndani yake maikrofoni ya nyuma huhamishwa mbele na kuingia tundu jingine. Kumbe tangu asubuhi programu ilikuwa ikiisahihisha maikrofoni moja kwa namba za nyingine.

Alimpigia Nadhifu simu.

"Umefuta mipangilio yangu?"

"Nimeipanga, mpenzi. Ilikuwa inajirudia. Nimekuachia mpya kuliko yote."

"Nakuuliza umefuta?"

"Ilifanana..."

"Ilifanana kwako," alisema Masikio, akakata simu.

Alijikaza. Akarudisha besi yote, akazunguka ukumbi mzima kwa miguu akisikiliza kwa masikio yake mwenyewe, hapa akiongeza, pale akipunguza, na sherehe ikaenda salama. Wazazi walipiga vigelegele na meneja akampa mkono. Nadhifu alikuwa amesimama mlangoni akingoja jibu lake. Masikio alimpita bila kumtazama.

Baada ya hapo simu za Nadhifu ziliita hadi zikanyamaza zenyewe. Aliandika kwamba atamnunulia kompyuta nyingine. Akaandika kwamba amejaribu kuyafufua mafaili na ameshindwa, kwa kuwa alikuwa ameyafuta kwa uangalifu mno. Ujumbe huo ndio ulioongeza chumvi kwenye kidonda.

Mama yake Masikio alipopiga simu na kusikia habari, aliomba aelezwe taratibu. "Sasa mwanangu, kafuta nini hasa? Vyeti vyako?"

"Hapana, mama. Kafuta kazi yangu. Bila kuniuliza."

"Baba yako mwaka tulipooana alinipangia jiko. Vizuri kabisa, kila kitu mahali pake. Nililia siku nzima natafuta chumvi."

"Ukamsamehe?"

"Nilingoja nione kama ataniuliza chumvi ilikuwa inakaa wapi. Akauliza. Asingeuliza, wewe usingekuwepo."

Neno hilo halikumtoka Masikio kichwani. Hakuwa na shaka kwamba anapendwa. Alichokiogopa ni kuamka siku moja ndani ya ndoa na kujikuta amebaki mpangilio mmoja, safi, wenye jina alilopewa na mtu mwingine.

Siku moja ukumbi ukiwa mtupu, Nadhifu aliingia. Shati lilikuwa jeupe vile vile, ila mikono ameikunja hadi kwenye viwiko.

"Sikuja kuomba msamaha tena," alisema. "Umeshanichoka. Nimekuja unifundishe ile niliyoifuta ilikuwa na nini."

Masikio akamnyooshea kidole stendi za maikrofoni.

Wakafanya kazi. Alimweleza kwamba ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa watu ni kumbi mbili, kwa sababu miili na nguo hunywa sauti. Mapazia yakifunguliwa, vioo huirudisha. Viti vikiondolewa, sakafu huirusha. Nadhifu alibeba, akasogeza, akavuta mapazia hadi vumbi likamfanya apige chafya, na kila mara aliuliza kwa nini. Masikio alijikuta akieleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu, na akakiri moyoni kwamba hakuna aliyewahi kuyajua kwa vile yeye mwenyewe aliyafungia.

Mawingu yalikuwa yamejikusanya, na mara mvua ikaanza kupiga bati. Masikio akaruka kama mtoto. Kipimo cha sauti ya ukumbi wakati wa mvua hupatikana mvua ikiwepo tu. Wakakimbia kuhamisha maikrofoni, wakapima, mistari ikatulia. Nadhifu, aliyekuwa karibu na kompyuta, alinyoosha kidole abonyeze. Kidole kikasimama hewani.

"Nihifadhi juu ya ule uliopo," aliuliza, "au pembeni yake?"

"Pembeni."

Nadhifu akahifadhi pembeni. Masikio akavuta kiti, akaketi, akaanza kipimo kingine ili apate cha kulinganisha. Alisema bila kugeuka, "Ile nyumba yako. Umeshapanga vyombo vyangu vitakaa wapi, sivyo?"

Nadhifu alikuna shingo. "Chumba cha nyuma. Hata rafu nilishapigilia."

"Nilijua." Sasa aligeuka. "Nakubali kuolewa na wewe. Lakini tutafute nyumba nyingine, ambayo hakuna kati yetu aliyekwisha kuipanga."

"Na nikikuta vijiko vimelala na uma?"

"Utauliza."

Furaha ilimpanda Nadhifu hadi akasahau alipo. Alipiga ukelele uliojaa ukumbi mzima, na kwenye kioo cha kompyuta mistari yote ikaruka juu na kutawanyika. Masikio aliitazama, akamtazama mchumba wake, akamwambia ameharibu kipimo. Kisha akamkalisha kwenye kiti, akamwekea kidole mdomoni, na wakaanza upya, mvua ikiwa bado inanyesha.