Pumzi Ndefu Kwenye Paipu ya Mafuta

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilimpata shemeji yangu, mume wa dada, na mkono wangu huu ulikuwepo.

Jumamosi ile asubuhi jua lilikuwa zuri, nguo ziko kambani. Shemeji alikuwa chini ya gari lake kuukuu la kupandia milima, inaonekana miguu tu. Miezi minne alikuwa akilifufua. Kesho yake alitaka kumpeleka dada kwa mama akajifungulie huko, na barabara ile ya mawe gari la kawaida haliiwezi. Mimi ni fundi cherehani. Niliitwa kushika vitu, nikaongeza na maneno.

"Shemeji, toka huko, utaota mizizi."

"Nyamaza nawe, mshona vifungo. Nipe klipu."

Kazi yake ilikuwa safi, sitamnyima haki. Paipu mpya ya shaba ilitoka kwenye tangi, chini ya kiti cha abiria, ikafuata chuma cha chesisi mbali na joto la ekzosi, klipu kila shubiri ili isicheze ikasagika, mpaka mbele kwenye kabureta ya injini.

Gari hilo liliwahi kuungua. Miaka sita nyuma alikuwa akilitengeneza gerejini na mwenzake, tuliyemwita Pacha kwa kuwa walivaa ovaroli za kitambaa kimoja, nilizowashonea mimi. Kwa kelele za pale hawakuweza kuitana, basi walipulizia paipu: pumzi mbili fupi ni fungua koki ya mafuta, moja ndefu ni subiri. Pacha akiwa chini ya gari alipuliza mbili, shemeji akafungua, kumbe moto wa kuchomelea ulikuwa bado unawaka, Pacha akateketea. Ndivyo shemeji alivyotusimulia msibani, akilia.

Sasa, kabla ya kuunga ncha za paipu, alitaka kujua kama njia iko wazi. Nilikinga kiganja kwenye ncha ya nyuma, yeye akapuliza mbele. Upepo ukanigusa.

"Imefika!"

Akaja nyuma akijifuta mdomo, akasimama kando yangu. Paipu ikapuliza tena. Pumzi ndefu. Ya joto. Ikaniachia unyevu kiganjani.

"Shemeji, una midomo mingapi?"

Hakucheka. "Mara ngapi?" alinong'ona.

"Moja. Ndefu."

Tulikwenda mbele kutazama. Hapakuwa na mtu.

"Ni hewa tu imebaki," alisema, akaiunga paipu kwenye tangi. Koki ya tangi aliifunga. Akaniambia nikakinge ncha ya mbele. Nilikinga. Niliogopa, lakini nilikinga.

Ikaja. Ndefu. Kutoka kwenye koki iliyofungwa.

Hapo dada akatoka jikoni, tumbo mbele, akapanda kiti cha abiria kujaribu kama anaenea. Alikalia tangi.

"Washa basi, tusikie," alisema.

Shemeji akashika koki. Pumzi ikaanza tena. Haikukatika. Ilinisukuma mkono.

"Subiri!" nilipiga kelele.

"Kuna nini?" dada aliuliza.

Shemeji aliachia koki. Halafu akasema, polepole, "Alipuliza moja."

"Nani?"

"Pacha. Alipuliza moja, ndefu. Nilikuwa na haraka. Nikafungua."

Pumzi ikakoma.

Dada alishuka taratibu. "Mimi ndiye niliyemwambia mke wa Pacha," alisema. "Kwa mdomo wangu huu nilimwambia mumeo kajiponza mwenyewe."

Jioni aliondoka na jirani mwenye lori. Hakumuaga mumewe. Shemeji alikwenda kwa yule mjane akasema yote mlangoni, na mlango ukafungwa. Dada alijifungua salama. Hajarudi.

Gari tulilifunika turubai, ncha ya mbele ya paipu ikiwa haijaungwa. Shemeji hakuligusa tena, alikonda tu. Wiki iliyopita alikuja kwangu.

"Shemeji, nenda kasikilize. Pacha akiruhusu, nitaliwasha nimfuate mke wangu. Asiporuhusu, nimekwisha."

Nilikwenda mchana kweupe, yeye akangoja barabarani. Nilifunua turubai.

Paipu ilikuwa imeungwa. Mpira wa kuunganishia umevalishwa kati ya ncha yake na kabureta, umekazwa kwa waya uliosokotwa kuelekea kushoto. Shemeji hutumia mkono wa kulia. Pacha alitumia wa kushoto.

Niligusa mpira. Ulikuwa na joto. Ukatuna. Ukanywea. Ukatuna tena.

Mbili. Fupi.

Nilirudisha turubai nikatoka. Pacha alikuwa ameruhusu. Lakini mtu uliyemchoma, akikwambia fungua, anakufungulia njia ya kwenda wapi?

"Amesemaje?" shemeji aliuliza. Macho yake yalikuwa yananiomba.

"Moja," nilisema. "Ndefu."

Aligeuka akaenda zake. Sijui kama nimemwokoa au nimemnyima mke na mtoto, na sina wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba kiganja changu hakijakauka tangu nilipomdanganya. Sindano ninayoishika asubuhi, jioni imeshika kutu.