Harufu ya Nyonyo

"Kaka, unanunua mche au umekuja kubonyeza nailoni?"

Soko la Lushoto lilikuwa limefurika, karoti na kabichi hadi barabarani. Modesta, muuza miche ya parachichi, alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa hasa. Kijana aliyekuwa akibonyeza viriba vyake, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche, aliitwa Alen, mtafiti kutoka Tanga.

"Nitakutengenezea viriba vya wanga wa muhogo," alisema. "Unapanda mche na kiriba chake, kinaozea ardhini."

"Na mvua za huku?"

"Nachanganya mafuta ya nyonyo. Yanalainisha, tena yanazuia maji."

Modesta alicheka. Mwezi haukuisha, wakawa wanapigiana simu hata kuulizana wamekula nini.

"Mpenzi, nakupenda, ila unanuka nyonyo!" alimwambia siku moja. "Ukija kwetu hivyo, mama atakimbia."

Alikuwa anatania. Alen, msomi wa watu, akalichukua neno hilo kama lilivyo.

Viriba alivyoleta kabla ya msimu vilikuwa visafi, havina harufu yoyote. Modesta akahamishia humo miche yote iliyoagizwa na wakulima wa Vuga. Haukupita muda panya wakavamia kitalu. Walitafuna viriba kama mkate, udongo ukamwagika, mizizi ikabaki nje inanyauka.

"Alen, umenifanyia nini?" alilia kwenye simu.

"Nitarekebisha," Alen alijibu, akakata.

Aliona aibu kusema ukweli, na aibu ya namna hiyo ni ujinga mtupu. Wakulima wa Vuga wakaagiza kwingine. Modesta akaamini alikuwa mtu wa kufanyiwa majaribio tu, kitalu chake na moyo wake. Akaacha kupokea simu.

Siku ya soko Alen akatokea, shati limejaa tope, kiriba kimoja mkononi.

"Vile vya mwanzo niliondoa nyonyo," alisema. "Niliweka alizeti, kumbe harufu ya nyonyo ndiyo inayowafukuza panya."

"Kwa nini?"

"Ulisema nanuka."

Modesta alitamani kumrushia mche. "Yaani panya wamenila kwa sababu ya utani wangu?"

"Kwa sababu sikukuuliza."

Jibu hilo lilimuudhi zaidi, maana bado alikuwa anampenda. "Ungesema siku ileile, ningekutukana, kisha tungeokoa miche pamoja. Ulininyamazia, Alen! Hilo ndilo lililoniuma."

"Nisamehe, mama. Wazee wangu walikuwa wanajiandaa kuleta posa. Niwaambie wasije?"

Modesta alimpokonya kiriba, akakinusa, akakunja uso. Kilikuwa kinanuka nyonyo kweli kweli. Akakivuta huku na huku, hakikupasuka.

"Kwanza unajaza viriba vya kitalu kizima, kwa mikono yako mwenyewe."

"Najaza."

"Halafu wazee waje. Na wewe uje unanuka hivihivi. Mama akikimbia, nitamrudisha mimi."