Usiseme Pole Ndani ya Nyumbamwendo

Nyumbamwendo ilikuwa ikiteremka mlima Sekenke huku ikikaanga vitumbua, na hakuna tone la mafuta lililomwagika. Kila kona ilipokuja, jiko lilijilaza upande wa pili na vikombe vikabaki wima mezani. Asikwambie mtu, chombo kile kilikuwa chombo kweli. Kilikuwa na chumba, sebule, bafu, na bustani ya mchicha juu ya paa. Usukani hakikuwa nao, kilikwenda kwa kuambiwa tu.

Aliyekibuni ni Nyamizi, mhandisi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa mezani akisubiri chai pamoja na mumewe, Mrindoko. Walikuwa wakiizunguka nchi kwa raha zao, wakilala popote walipopapenda. Walipofika chini ya mlima, sauti ya Mihayo, mdogo wake Nyamizi, ikaingia sebuleni kutoka Tabora. Mama yao alikuwa mahututi, akimwulizia Nyamizi kila akipata pumzi. Nyamizi akaiambia nyumba, "Tabora, haraka," nayo ikatimua mbio ambazo Mrindoko hajapata kuziona maishani. Kikombe kikatulia vilevile!

Basi habari zikaenea, si unawajua ndugu zetu. Simu zikafuatana. Shangazi akasema pole mwanangu, pole sana. Majirani wao wa Tanga wakasema pole, na rafiki wa zamani naye akaleta pole yake. Nyamizi akawajibu wote kwa adabu kuwa ameshapoa. Walipofika tambarare za Igunga, baiskeli iliyobeba gunia la mkaa ikawapita, na ndani ya nyumba baridi ilikuwa kali mpaka Mrindoko akajifunga blanketi.

Nyamizi alidhani betri zimechoka. Akazikagua, akazikuta nzima. Shangazi akapiga tena, akasema pole, na Nyamizi akausikia mwendo ukipungua chini ya miguu yake. Akajishika kichwa. Ni yeye mwenyewe aliyelifundisha sikio la nyumba kwamba anayesema pole anataka iende polepole, kwa ajili ya wazee wanaoogopa mwendo, na anayesema amepoa anataka ubaridi. Kule karakana waliijaribu kwa amri tupu, hakuna aliyempa mwenzake pole. Na mafunzo ya sikio hilo alikuwa ameyafunga kwa kufuli makusudi, asije mtu akayachezea safarini. Kuyafungua kungewagharimu siku nzima ya kusimama.

Akakata simu zote isipokuwa ya Mihayo, akaiambia nyumba tena, "Haraka," kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Kulwa, nakuomba. Lile neno usilitamke mpaka tufike."

Mrindoko akakubali, lakini ilikuwa kazi. Huyu ni mtu ambaye hata kuku akijikwaa humpa pole. Alimwona mkewe akisokota pindo la kanga, neno likamfika kwenye ulimi, akalimeza. Akamletea maji. Akazungumzia mchicha. Mwishowe akamshika mkono tu. Nyumba nayo ikashika kasi yake upya, laini, haikwaruzi wala haitikisiki, na Nzega ikapita dirishani kabla hawajaiona vizuri. Nyamizi alianza kuamini kwamba watawahi.

Ndipo Mihayo akapiga.

"Dada," akasema, "mama ametutoka." Simu ikakatika.

Nyumbamwendo ikazidi kukimbia, kwani hakuna aliyeiambia vingine. Nyamizi alikaa macho makavu, akitazama mawe ya barabarani yakipita moja baada ya jingine. Haraka ile haikuwa na kazi tena, ila hakuwa na nguvu ya kuisimamisha. Mrindoko akamtazama. Kisha akasogea karibu yake.

"Pole, mke wangu," akasema. "Pole. Pole sana."

Nyumba ikapunguza mwendo. Ikaacha lami, ikaingia taratibu kando ya shamba la alizeti, ikasimama. Jiko likazima moto lenyewe. Hapo Nyamizi akalia, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu asubuhi, na mumewe hakumharakisha.

Alipopata pumzi alijifuta uso kwa kanga, akajibu kama mama yake alivyomfundisha tangu utoto.

"Nimeshapoa."

Ubaridi ukaanza kuvuma kutoka ukutani. Mrindoko akalichukua lile blanketi, akamfunika.