Kisa cha Nne

Soko la Jumapili pale kituo cha treni cha Gare du Midi, Brussels, lilikuwa limefurika. Sudi, kijana wa Tanga aliyevaa koti la kuazima, alikuwa akichagua nyanya aliposikia mtu akiita nyuma yake: "Mujinga! Kuya hapa!"

Akageuka, amefura. "Nani mjinga?"

Msichana mwenye sketi ya kitenge na buti nyekundu akacheka hadi akashika tumbo. "Njo jina yangu, papa! Kwetu Lubumbashi, mutoto akizaliwa na kamba ya kitovu ku shingo, anaitwa Mujinga. Bon, na weye?"

Kumbe walisoma chuo kimoja, ustawi wa jamii. Yeye mwaka wa kwanza, Sudi wa tatu. Haukupita mwezi, mapenzi yamewavaa.

"Mjinga wangu, umekula?" Sudi alizoea kuuliza kwenye simu.

"Nakungojea, mupumbavu yangu."

Mwaka huo chuo kiliita wanafunzi wakae na walimu, watunge pamoja masomo mapya yasiyomwacha mtu nje. Sudi akachaguliwa. Mujinga alimwonea fahari, akamwamini, akamwambia lile asilowahi kumwambia mtu. Alipokuwa na miaka tisa, watu wa ustawi walimchukua kwa mama yake, kwa kuwa mama alimfungia ndani alfajiri kwa kufuli, akamwachia ndoo ya haja, akajifunga kitambaa chake cha njano, akaenda kusafisha ofisi mtaa wa Schuman. Mpaka leo mama huwaambia watu wa kanisa kwamba mtoto alikuwa shule ya bweni.

Mwezi wa tano karatasi za masomo mapya, zenye visa vya kujadili, zikagawiwa darasani kwa Mujinga. Kisa cha nne: Madame K. Jina lilikuwa jingine, lakini kufuli lilikuwepo, ndoo ilikuwepo, na kitambaa cha njano kichwani pia.

Tatiana, mwanafunzi mwenzake aliyeimba kwaya moja na mama yake kanisani, akainua macho polepole. "Mujinga... ile foulard ya manjano, si ya maman yako?"

Jamani, aibu ile! Mujinga alitoka mbio, akampigia Sudi.

"Nilificha jina, mpenzi!"

"Jina ulificha. Maman yangu ukamuacha wazi. Uliniulizaka?"

"Nilitaka watu wa ustawi wajue walivyokosea..."

"Uliniulizaka, Sudi?"

Hakumuuliza. Anafundisha walimu kushirikisha watu, na hakumuuliza.

Walikutana tena sokoni, mbele ya nyanya zile zile. Sudi alikuwa amekonda. Akamkabidhi nakala zote za kisa kile. "Wamekiondoa. Nami nimeacha kiti changu cha kutunga masomo. Wanakutaka wewe ukikalie."

"Kiti nitakikalia. Batauliza bantu kwanza, mbele ya kuandika." Machozi yakamtiririka. "Maman haimbi tena, unajua? Ku kanisa anaona haya, alianza kusali mu nyumba."

"Na sisi?"

"Nakupenda, njo maana inaniuma."

"Mujinga..."

"Hapana. Ile jina usiniite tena. Bakia nayo weye."