Kiganja Begani kwa Bibi Mokami

Kila akitoka shule, Bhoke alipitia karakana ya shangazi yake, Tabitha, pale Tarime mjini. Alinyunyiza maji sakafuni, akafagia, kisha akaketi na hesabu zake mpaka tanuri lizimwe. Kazi yao ilikuwa kupaka mabati mazito rangi ya unga wa kioo na kuyachoma mpaka kioo kiyeyuke na kung'ang'ania chuma. Picha ya namna hiyo haibanduki kwa mvua wala kwa jua.

Mwaka huo walikuwa wakitengeneza picha za vituo vya mabasi vya jiji la Mwanza. Moja ilikuwa ya Bibi Mokami, mama yake Tabitha, aliyefariki mwezi wa nne. Tabitha alimchora ameshika kibuyu, akitazama barabara.

"Mama hakuwahi kufika Mwanza," alisema. "Sasa atakaa huko miaka mia."

Siku ya kuchoma, Mzee Waitara, fundi wa tanuri, alilifunga bati tanurini. Mara harufu ya samli ikazagaa. Haikuwa samli ya dukani. Ilikuwa ile ya kibuyu, yenye moshi kidogo, aliyoitengeneza marehemu. Hakuna aliyekuwa akipika. Tabitha akashika ukingo wa meza.

Bati lilitoka jekundu, likapoa taratibu. Begani kwa bibi, katikati ya shuka lake la buluu, palikuwa na alama nyeusi ya kiganja cha vidole vitano.

Waitara alirudi nyuma. "Huyu mama hataki kupelekwa mbali."

"Acha hayo, mzee. Tutachora jingine," Tabitha alijibu.

Wiki iliyofuata walichoma bati la pili. Harufu ikarudi. Kiganja nacho kikarudi, palepale begani.

"Mimi tanuri siwashi tena kwa ajili yake," Waitara alisema. "Tabitha, mwache mama yako apumzike."

Tabitha aliketi, akalia mbele ya watu wote. "Basi. Tutaweka picha ya maua. Mama hatakwenda."

Wengine walipotoka nje kunawa, Bhoke alibaki na lile bati. Alilisogelea kwa woga. Kidole cha mwisho cha kile kiganja kilikuwa kimepinda kwa nje. Bhoke alitazama mkono wake. Kidole chake nacho kilipinda tangu kamba ya ndama ilipokivuta kule kijijini Kenyamonta. Aliinua mkono polepole, akauweka juu ya alama. Ukaenea, kidole kwa kidole.

Hapo akakumbuka. Bibi alimwachia kibuyu cha samli, naye aliipaka mikononi kila siku. Na jioni, kabla rangi haijapakwa, alikuwa akiugusa mchoro wa penseli begani na kunong'ona, "Shikamoo, bibi." Alijua kabisa kwamba bati lililosafishwa haliguswi na mtu asiyevaa glovu. Aliligusa hata hivyo, kwa sababu alimkumbuka mno.

Angenyamaza, nani angejua? Wangemlaumu marehemu, na marehemu hajitetei. Lakini bibi angekosa kituo chake.

"Shangazi," alisema mlangoni, machozi yakimtoka, "siyo bibi. Ni mimi."

Waitara aliushika mkono wake, akaulinganisha na alama, akashusha pumzi ndefu. "Kumbe nilikuwa namkimbia mtoto wa darasa la sita!"

Tabitha hakucheka. "Samli ilizuia rangi isishike, na ilipoungua ikatoa harufu. Wiki mbili za kazi, Bhoke."

"Nisamehe, shangazi. Nitasugua mabati mapya mwenyewe."

Aliyasugua siku tatu, na glovu mikononi. Bati la tatu lilipochomwa, Waitara alinusa hewa, akatikisa kichwa. Hapakuwa na harufu. Bega la bibi lilitoka safi. Bhoke alifurahi, na hapohapo akaumia kidogo moyoni.

Tabitha alimvuta karibu. "Mafuta kwenye bati hayaonekani, mwanangu, mpaka moto uyaonyeshe. Kosa la kufichwa ndivyo lilivyo, na likikawia, humwangukia asiye na hatia. Umefanya vizuri kulitaja mwenyewe."

Kisha akalichukua bati la pili, lile lenye kiganja.

"Hili haliendi Mwanza. Tutalitundika nyumbani, sebuleni. Ukitaka kumsalimia bibi yako, msalimie pale."

Jioni hiyo Bhoke aliweka mkono wake kwenye alama yake, akasema shikamoo kwa sauti ya kusikika.