Marlène Ajifunza Kukabidhi Zamu

Kule Manika, mjini Kolwezi, nyumba ya Tata Edouard Kalala ilijulikana kwa sababu ya binti yake. Marlène alikuwa anamaliza masomo ya udaktari. Mwaka ule alijifunza kazi katika wodi ya watoto ya hospitali moja. Majirani walimwita Dokta, na mama yake, Domitille, wakamwita Mama Dokta.

Kila alipotoka kazini, Marlène aliwakuta watu barazani. Huyu ana kikohozi. Yule ameleta dawa ya sokoni, anauliza inavyonywewa. Marlène aliwasikiliza wote kabla ya kuvua viatu. Kisha alifua koti lake jeupe, akajilaza kidogo, akarudi hospitali. Hata Jumapili, baada ya ibada, aliwapima watu presha kanisani.

Hospitalini madaktari walikuwa wachache. Aliyekesha kwenye zamu ya usiku aliendelea na kazi mchana. Mvua zilipoanza, malaria ilijaza vitanda, watoto wakalazwa wawili wawili. Marlène alikubali kila zamu aliyopewa, na zamu za wenzake pia. Aliamini kwamba daktari mzuri hasemi amechoka.

Kwanza usingizi ulimkimbia. Alijilaza huku mwili unauma, macho yakabaki wazi. Halafu chakula kikamshinda. Mama Domitille alipika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, akaja kuikuta sahani haijaguswa. Marlène aliacha kuimba kwaya kanisani. Mdogo wake Tania akimsimulia jambo, alimjibu kwa neno moja. Mechack, mwenzake wa masomo, alimwuliza kama ni mzima. Alisema ni mzima.

Siku moja mtoto alimfia mikononi. Zamani angelia. Siku ile alimfunika, akanawa mikono, akauliza nani anafuata. Hakusikia uchungu wowote. Jambo hilo lilimwogopesha, lakini hakumwambia mtu.

Asubuhi moja, baada ya kukesha, alimpokea Mama Mukalay, aliyetoka Mutshatsha na mtoto wake Dimitri. Mtoto alikuwa na homa kali, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Mama alieleza kwamba walimpa kwanza dawa za miti nyumbani. Marlène hakumwuliza hata habari za safari. Alimkaripia mbele ya watu wote.

"Munangoyaka mupaka mutoto iko karibu kufa, njo munamuleta. Minachoka na ninyi bamama."

Marlène alikwenda kuchukua vifaa vya kupima damu. Aliporudi, benchi lilikuwa tupu. Mama alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na kuondoka.

Mechack aliingia, akauliza mtoto yuko wapi. Alikuwa amewaona wakiingia, na kuviona vile viganja.

"Wameenda," alisema Marlène.

"Ule mutoto hana damu," alisema Mechack. "Akienda, atakufa mu njia."

Walimwomba muuguzi aangalie wodi kwa muda, wakapanda pikipiki ya taksi-moto hadi mahali magari ya Mutshatsha yanapopakia abiria. Mama Mukalay alikuwa ameshakaa ndani ya gari, kichwa cha mtoto kimelegea begani pake. Marlène alichuchumaa mlangoni.

"Mama, unisamehe. Nilisema mubaya. Mutoto iko na malaria ya nguvu. Anapaswa kupata damu leo. Turudie pamoja."

Mama Mukalay alimkazia macho. "Utanitukana tena mbele ya batu?"

"Hapana, mama. Na kama hautake mi, huyu mwenzangu atakupokea."

Mama alishuka. Dimitri aliongezewa damu siku ile ile. Kesho yake alifumbua macho na kuomba maji.

Daktari Bilonda, mkuu wa wodi, alisikia habari hizo, akamwita Marlène ofisini kwake. Marlène alitazamia kufukuzwa. Lakini Daktari Bilonda alimpa chai na mkate kwanza. Alimwuliza analalaje, anakula nini, na ni lini mara ya mwisho alicheka na marafiki. Alimwuliza pia, waziwazi, kama amewahi kutamani kufa. Marlène alisema hapana. Akaeleza habari za mtoto aliyekufa na jinsi ambavyo hakusikia uchungu.

"Ile haiko buvivu," alisema Daktari Bilonda. "Na haiko kukosa imani. Ni kuchoka kwa kazi. Kunaingia polepole, mupaka moyo inajifunga."

Alimweleza dalili zake. Mtu hukosa usingizi hata akipata nafasi ya kulala. Hula kwa shida. Hukasirika upesi, hujitenga, na huanza kuwaona wagonjwa kama mzigo. Anayeziona dalili hizo amwambie mtu anayemwamini mapema, asingoje aanguke. Pombe na vidonge vya usingizi vya kujinunulia haviponyi uchovu huo. Na mtu anayewaza kujiumiza asiachwe peke yake. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Alimpa Marlène likizo fupi na kumtuma kwa mwanasaikolojia wa hospitali. Marlène alidhani mambo yameishia hapo, lakini Daktari Bilonda alitikisa kichwa.

"Kulala tu hakutoshi," alisema, "kama ukirudia kazi iko vile vile."

Basi aliwakusanya madaktari wote, wakubwa na wanaojifunza. Wakakubaliana kwamba anayekesha atawakabidhi wagonjwa wake asubuhi, aende nyumbani. Hakuna atakayeshika zamu mbili mfululizo. Mtoto akifa, waliokuwapo watakaa pamoja kidogo na kuzungumza kabla ya kuendelea. Daktari mmoja mkongwe hakupendezwa. Alisema wao walikesha hivyo hivyo na wakawa madaktari. Daktari Bilonda alimwuliza ni wangapi kati ya wenzao waliacha kazi.

Nyumbani nako kulikuwa na la kufanya. Marlène aliwaeleza wazazi wake yote. Tata Edouard alisikitika kwamba walimwona akikonda na wakafikiri ni bidii. Kwa Mama Domitille ilikuwa vigumu zaidi, maana jina la Mama Dokta lilimfurahisha. Lakini tangu siku ile alisimama mwenyewe barazani, akawaelekeza majirani kwenye kituo cha afya. Mmoja aliondoka akisema binti wa Kalala ameanza majivuno. Mama Domitille akamwelekeza aliyefuata. Tania alichukua kazi ya kufua koti.

Nafuu haikuja kwa siku moja. Usingizi ulirudi kwanza, halafu hamu ya kula. Marlène alirudi kwenye kwaya, na kipimo cha presha kikabaki hospitalini.

Kisha, asubuhi moja, zamu yake ikiwa inakwisha, waliletwa watoto walioangukiwa na ukuta uliolowa mvua. Marlène aliwashughulikia pamoja na wauguzi. Mechack alipofika kumpokea zamu, msichana mmoja aliyevunjika mguu alikuwa bado amemshika Marlène mkono wa koti. Marlène alimwonyesha Mechack kila mtoto na kumweleza hali yake. Halafu akasimama pale pale. Aliona aibu kuondoka.

"Wende, Marlène," alisema Mechack. "Minabaki nabo."

Marlène aliinama, akamwambia msichana kwamba Dokta Mechack atakaa naye, na kwamba yeye atarudi kesho. Vile vidole vidogo vilipoliachia koti, alisikia uchungu mkali moyoni, kama wa zamani. Nyumbani alimsimulia mama yake huku akilia. Mama Domitille alimwacha alie. Kisha akamtengea bukari, na Marlène akaimaliza, akalala.

Kesho yake asubuhi aliwakuta watoto wote wakiwa hai. Msichana alikuwa ameegemea mto, mguu umefungwa plasta, analalamika kwamba uji hauna sukari. Marlène alivuta kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.