Mitungi Chini ya Meza

Walikutana sokoni Migori, siku ya joto, watu wakisukumana. Levis, fundi wa friji kutoka Sindo, alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji kuukuu ya muuza samaki. Alilegeza koki, gesi ikatoka ikilia fyuuu.

"Wewe fundi, unaiachilia tu hivyo?" Aliyeuliza ni Caren, afisa wa mazingira, gauni la kitenge cha manjano, viatu vilivyojua lami tu.

"Kwani inaenda wapi, madam?"

"Juu. Inatoboa ozoni, ile blanketi inayotukinga na jua. Nchi zilikubaliana Montreal gesi hii iachwe. Ukiikuta kwa friji ya zamani, inase kwenye mtungi."

"Nikiinasa nitakuona tena?"

Caren akacheka. Hapo ndipo Levis alipokwisha, maskini.

Simu hazikupoa tena. "Umekula, jaherana, mpenzi wangu?" "Nimekula, lakini sauti yako ndiyo kitoweo." Mambo yakaiva. Ikapangwa Jumamosi wazee wa Levis waende Ndhiwa kwa ayie, kumwomba mama yake Caren idhini.

Alhamisi Caren na wenzake wakatumwa Sindo kusaka gesi ya magendo. Levis alikuwa amevuka kwenda Mfangano kwa kazi. Karakana yake ilipofunguliwa, chini ya meza kulikuwa na mitungi ya gesi ileile iliyokatazwa, imejaa.

Jamani, si Caren angempigia simu tu? Lakini wenzake walikuwa wakimtazama, akaona haya. Hasira hasara. Aliamuru mitungi ichukuliwe, karakana ifungwe, kisha akamwandikia Levis: "Usilete wazee. Siolewi na mtu wa magendo." Akazima simu.

Jumamosi mama yake, asiyejua lolote, alikuwa amechinja kuku. Hakuna mgeni aliyekuja.

Baadaye majibu ya maabara yakatoka. Gesi ilikuwa chafu, imechanganyika na mafuta ya mashine, imetolewa kwenye friji mbovu. Nani huvusha uchafu mpakani? Caren aliyasoma, akakaa chini.

Akaenda Sindo, mitungi nyuma ya gari.

"Kwa nini hukuniambia, Levis?"

"Ulizima simu."

"Lakini mitungi yote hiyo..."

"Uliniambia nisiachilie. Nikakosa pa kuipeleka, nikaiweka."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nilikusamehe siku ileile. Bado nakupenda, Caren. Lakini Mfangano hakukuwa na mtandao, ujumbe wako nikaupata Jumamosi; wazee waligeuzwa wakiwa wameshavaa makoti. Baba amesema mguu wake haukanyagi Ndhiwa, na ayie haiendi bila wazee. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Levis akaishusha mitungi, akairudisha chini ya meza.

"Siku hizi kuna mahali pa kuipeleka?"

"Bado."

"Basi itakaa."

Caren akaondoka akilia waziwazi, watu wakimwona. Nyuma yake Levis alikuwa amepiga magoti, akikaza koki ya kila mtungi, isitoke hata kidogo.